Daktari Aliyeniamkia

Juzi kwenye kliniki moja ya macho pale mtaa wa Gerezani, nimempakata binti yangu anayengoja kutolewa mtoto wa jicho, mara akaingia daktari wa upasuaji, kidevu laini kama cha mwanafunzi. "Shikamoo, mama."

Mimi nina miaka ishirini na mitatu, sasa anayeniamkia ana mingapi? Na ndiye atakayemchana mwanangu jicho?

"Leseni unayo?"

"Ipo ukutani pale. Udaktari miaka mitano, mazoezi mwaka mmoja, ubingwa wa macho mitatu."

Nikahesabu vidoleni. Kumbe kwa umri ni kaka yangu kabisa!

"Sasa mbona umeniamkia?"

"Samahani, dada. Ulivyokunja uso, nilidhani wewe ndiye bibi yake."

Binti akacheka, akampa daktari mkono, wakaondoka. Leseni sikuisoma, wasomaji. Niliomba kioo.