Majani Mapana katika Chumba cha Cherehani

Nilipaswa kumwambia hapana. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alisimama katikati ya chumba kidogo cha nyuma katika fleti yetu ya Albert Park, Durban, akaitazama cherehani ya dada yake, akaniita mzee kwa Kifaransa: "Vieux, hii chumba iko tu bure." Kombe la Dunia lilikuwa limepita na kazi zimepita nalo. Kwetu Kivu ndugu wa mke hanyimwi kitu kilichomo nyumbani. Nikakubali hapo hapo, nikaibeba cherehani mwenyewe mpaka sebuleni, mke wangu akiwa bado sokoni Warwick. Aliporudi aliuliza swali moja: "Na mimi nitashonea wapi?" Nikamwambia ni kwa muda tu.

Shemeji akaziba dirisha kwa blanketi, akatundika taa, akaweka feni, akapanda bangi.

Watu wa kanisa wanataka nijutie hata kuijua mimea ile. Sijutii. Ujana wangu wote nililea miche ya kahawa, na mmea unaoteseka siwezi kuupita. Mle ndani mlikuwa na aina mbili. Moja ilikuwa fupi, nene, ya majani mapana. Mtu mmoja wa mtaa wa Point alimuuzia shemeji mbegu zake akisema zimetoka milima ya ng'ambo, kwenye baridi. Nyingine ilikuwa ya huku huku, ya vilima vilivyo nyuma ya pwani hii: ndefu, ya majani membamba, inayochelewa kutoa maua. Shemeji aliidharau. "Hii ya kienyeji ni ya wazee kama wewe."

Februari ilipofika, ikaonekana mzee ni nani. Joto la Durban lina maji ndani yake, na taa ziliongeza la kwao. Ile ndefu ilisimama, hewa ikipita katikati ya majani. Ile fupi ilikunja kingo za majani kuelekea juu, na maua yake yaliyobanana yakashika unyevu kama nguo iliyokunjwa mbichi. Nikamwambia shemeji aing'oe ile fupi. Akacheka, akaniachia onyo: "Dirisha usiguse, vieux."

Jumatano moja, yeye hayupo, feni ikafa. Sebuleni, kando ya cherehani, mke wangu alikuwa akiongoza maombi ya akina mama. Nilizima taa, haikusaidia. Kivu, kitalu kikizidiwa na joto, tunakifungua jioni, upepo wa mlimani unakiponya. Mikono yangu ilijua hilo tu. Nikavuta blanketi, nikafungua dirisha.

Upepo wa bahari uliingia na mvuke wake, ukatoka na harufu, ukaipeleka moja kwa moja kwenye dirisha la sebule. Wimbo ukakatika.

"Maman, iko nini inanuka hivi?" mmoja wao akamuuliza mke wangu.

"Eish! Roho Mtakatifu hanuki hivi, dada zangu!"

Wakaangua kicheko. Mke wangu hakucheka. Alifungua mlango, wenzake wakichungulia nyuma yake, akanikuta nikiipepea mimea kwa kitenge alichokuwa amekikata tayari kukishona.

"Papa," alisema, polepole, "mimi hujawahi kunipepea."

Zile fupi zilioza kwa ukungu. Dirisha langu ndilo lililozimaliza. Zile za huku zikakomaa bila kuomba chochote kwa mtu. Wazee wa kanisa waliniita nitubu mbele ya watu, nikakataa, na leo wakiniita nitakataa tena. Kuitunza ile mimea hakukuwa kosa, wala sikuwakosea hao wazee. Nilimkosea mtu mmoja, na nilimwomba msamaha yeye peke yake, mlangoni, akifunga cherehani kwa kamba.

Alikwenda Pretoria kwa binti yetu, na huko ndiko anakoshona. Shemeji akahama, chumba kikabaki bure kweli. Nilikitoa bila kumuuliza mwenye chumba, na kimenigharimu mke wangu. Hajarudi.