Chungwa na Nyekundu Katika Kioo cha Utende

Mama yangu alikuwa akitia rangi ukindu wa mikeka nyuma ya jiko, mimi nachochea kuni. Alinifundisha kutofautisha nyekundu iliyochemka mara moja na iliyochemka mara mbili, na nikikosea ananipiga kofi la mgongo, kisha ananipa muhogo. Muhogo wa siku zile, sijui ulikwenda wapi. Skuli niliacha darasa la nne, lakini jicho la rangi nikabaki nalo, na uzeeni ndilo lililonipa kazi.

Ilikuwa ofisi ya boti zinazopeleka wageni kuzamia baharini, kijijini Utende. Siku ya kwanza Mkuu wa Zamu, kijana aliyenipa shikamoo kisha akanipa amri, alinikalisha mbele ya kompyuta.

"Mzee Kombo, wewe kazi yako kutazama. Kijani, boti imerudi. Chungwa, imechelewa lakini nahodha ameita kwa redio. Nyekundu, imechelewa na iko kimya. Ukiona nyekundu, piga kelele."

Hiyo niliiweza. Majina ya boti nayo nilisoma, ila polepole, kama mtu anayetoa miba ya samaki.

Baadaye wakaleta tmux, sisi tukiiita timaksi. Ni programu inayogawa kioo kimoja vyumba vinne: hapa boti, hapa hali ya hewa, na kadhalika. Mtandao ukikatika, na kwetu hukatika, ukirudi unakuta vyumba vyako vilevile vinaendelea. Kitu kizuri, sikisingizii. Lakini tangu siku hiyo sikuona tena chungwa. Boti zote zilizochelewa zikawa nyekundu.

Nikapiga kelele. Kumbe nahodha ameshaita. Nikapiga tena, hivyohivyo. Mara ya tatu ofisi nzima ikacheka.

"Mzee wangu," akasema Mkuu wa Zamu, "rangi ni pambo. Soma maneno ya kila mstari."

Nikampigia simu fundi wetu aliyekuwa Dar, Bi Mwanaidi. Hakucheka. Alisema programu ikifunguliwa ndani ya tmux huuliza kwanza: kioo hiki kina rangi ngapi? Tmux yetu iliandikiwa ijibu nane, ingawa kioo kinaweza mia mbili hamsini na sita. Katika nane chungwa haimo, basi inapakwa iliyo jirani yake.

"Nimeshaurekebisha mstari kwenye mipangilio," akasema. "Lakini vyumba vilivyokwisha funguliwa havitausikia. Vifungwe vyote, vifunguliwe upya. Dakika mbili."

Mkuu wa Zamu akakataa. "Boti ziko nje. Kesho."

Kesho yake boti ziko nje tena. Ofisi ya boti, boti zitakuwa wapi? Ukapita mwezi. Na mimi, nisifiche, nikaizoea nyekundu. Nikaacha kupiga kelele.

Siku moja maji yalikuwa makali mlangoni mwa ghuba, boti tatu zikachelewa. Mistari mitatu myekundu. Nikasikia redioni mbili zinaita, nikadhani na ya tatu imeita. Nikaenda kuswali adhuhuri, nikarudi, nikanywa chai.

Ya tatu ilikuwa ya Nahodha Bakari. Mashine ilimfia, redio ikafa nayo, maji yakamtoa nje ya ghuba yeye na wageni wanne. Wavuvi wa Kiegeani, kijiji cha jirani, ndio waliomvuta, alasiri. Alishuka midomo imepasuka kwa kiu, akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Kombo, ulikuwa unatazama sinema?"

Nikamsogezea maji ya kunywa.

Jioni ile vyumba vikafungwa, vikafunguliwa. Hazikufika hata dakika mbili. Chungwa ikarudi, imeiva.

Asubuhi Mkuu wa Zamu akaniletea karatasi. "Weka sahihi, mzee. Nahodha hakuita kwa redio. Ndivyo ilivyo, au siyo?"

Nikaisoma polepole. Bakari angeondolewa usukani kwa karatasi ile.

"Ni kweli hakuita," nikasema. "Ndiyo maana alikuwa mwekundu. Andika kwamba Kombo hakumwona, na andika ni nani aliyekataa dakika mbili."

"Mzee, usinitafutie makubwa."

Nyinyi mnaoanza kazi hizi mtaambiwa rangi ni pambo. Kwa msomaji mwepesi labda. Lakini muulizeni anayekaa mbele ya kioo anasoma kwa kitu gani.

Karatasi niliiacha pale mezani, haina sahihi. Nikavaa makubadhi yangu, nikatoka, nikashika njia ya Kiegeani, kwa wavuvi waliomvuta Bakari. Ofisini waliniita mara mbili. Sikurudi.