Vidonge vya Magoti ya Mjomba

Mjomba wangu hakuwahi kumpenda mbwa yule, nami sijamsamehe mjomba.

Mbwa alikuwa wake. Alimfuga kwake Kibuyuni, nyuma ya banda la mbuzi, ili awafukuze nyani shambani. Alikula makombo, alilala mchangani, na jina pekee aliloitwa lilikuwa "toka". Nilipohamia pale nipate utulivu wa kuandika, nilikuwa mtu wa kwanza kumwekea maji.

Siku chache kabla ya Ramadhani bodaboda ilimgonga nyonga. Nyani wakasikia ukimya wake, wakaanza kusogea. Ndipo mjomba aliponiruhusu nimwite daktari wa mifugo kutoka Msambweni, si kwa huruma bali kwa ajili ya mahindi.

Daktari alimbeba mbwa, akapanda naye kwenye mizani, kisha akapanda peke yake na kutoa uzito wake mwenyewe. Akaniachia chupa ya dawa ya maji ya kutuliza uvimbe na maumivu.

"Ale kwanza, ndipo umpe. Mara moja kwa siku. Kipimo ni cha uzito wake, si cha huruma yako. Akikataa chakula, akitapika au akinya cheusi, acha dawa unipigie. Na dawa za watu asipewe kabisa."

Mjomba alisimama mbali, kanzu ameikunja isiguswe.

"Mpwa wangu kasoma mpaka chuo kikuu, aje amnyonyeshe mbwa."

"Na mahindi yako huyalinda nani, Mjomba? Chuo kikuu?"

Ramadhani ikaingia. Mchana jiko halikuwashwa, na makombo hayakupatikana mpaka baada ya futari, hivyo mbwa akafunga nasi bila kuulizwa. Kwa hiyo nilimpa dawa usiku ukiingia, akishamaliza muhogo wake. Uvimbe wa nyonga ukapungua. Alfajiri moja alisimama akabweka, na sauti yake ikapita juu ya mahindi kama mtu anayerudi kwao.

Kisha akakataa muhogo. Akatapika povu. Asubuhi nilikuta kinyesi cheusi kinachonata kama lami. Dawa sikuigusa tena. Nikapiga simu.

"Unampa kabla ya kula?" daktari aliuliza.

"Baada."

"Kuna mwingine anayempa kitu?"

Nikasema hakuna. Mjomba alikuwa barazani, tasbihi mkononi.

"Mwambie nimempa zangu," akasema.

"Zako zipi?"

"Za magoti. Kila nikitoka kuswali alfajiri namtupia kidonge ndani ya kipande cha chapati ya daku."

"Juu ya dawa yake? Na tumboni hamna ila kipande cha chapati? Daktari alikwambia nini?"

"Alikuwa akilia. Maumivu nayo yana kabila, ya watu na ya mbwa?"

"Umemtoboa tumbo, Mjomba, kwa mkono usiotaka kumgusa nao."

"Chunga mdomo wako. Mimi si mwenzio."

Daktari alikuja, akamtundikia maji, akamchoma sindano za kulinda tumbo. Alimweleza mjomba polepole, kama anayemweleza mtoto mkaidi, kwamba dawa mbili za jamii moja hula tumbo na figo kwa pamoja, na kwamba mwili wa mbwa hauwezi kukisafisha kidonge cha mtu kama mwili wetu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Atainuka kabla mahindi hayajakomaa?"

Nilimchukia kwa swali lile. Bado namchukia kwalo.

Mbwa aliinuka, amekonda, nyonga imepinda. Alikaa muda mrefu bila dawa yoyote ya maumivu, mpaka daktari aliporidhika na tumbo lake ndipo akamrudishia, kwa kipimo kidogo zaidi. Chupa naifungia sandukuni mwangu. Na tangu asubuhi ile ya lami sijamwamkia mjomba. Huku kwetu, kumpita mjomba bila shikamoo ni sawa na kumzaba kofi, naye anajua kwamba najua.

Hazungumzi nami ila jioni, baada ya magharibi, kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mbwa wako ameshakula?"

Siku hizi ni wangu.

"Ameshakula."

"Amemaliza?"

"Amemaliza."

"Basi mpe."

Nafungua sanduku.