Mfalme Mdogo wa Kisiwani

Sisi tuliokulia mtaa wa Manika kabla kila mtoto hajawa na simu yake, ufalme tulijifunza kwenye kompyuta moja. Ilikuwa ya tata Mwamba, mwenye duka la fotokopi. Jumamosi wateja wakipungua, alitufungulia mchezo wa wafalme wa kale wa Ulaya, na duka likanuka wino, vumbi na mikate ya kukaanga ya mama Kapinga, aliyeuza pale mlangoni. Ulichagua mfalme ukatawala nchi yake. Akifa, uliendelea na mrithi wake. Nchi ikikuponyoka, ulitoka kwenye kiti ukaenda mwisho wa benchi, na huko Jumamosi iliweza kuisha hujarudi.

Vijana wa leo hawachagui. Wanauliza video: mfalme gani ni rahisi kwa anayeanza? Mtu wasiyemjua anawajibu, nao wanameza kama dawa. Kushindwa na picha tu kunawatia hofu!

Rafiki yangu Kasongo alichagua kwa kutazama taji. Alimchukua kaizari mwenye nchi kubwa kuliko zote. Kabla hajamaliza mkate wake, machifu wote walikuwa wameasi. Tulipiga kelele, "Empereur, toka mu kiti!"

Mimi, nisiyependa kutazamwa, nilichagua mfalme mdogo wa kisiwani: bahari pande zote, jirani mmoja maskini.

"Chef wa kijiji!" Kasongo alinicheka, eti mimi chifu tu.

Lakini nilidumu. Machifu wangu walikuwa wachache, niliwajua kwa majina. Wasiwasi wangu ulikuwa mmoja: mfalme alikuwa mzee, na akifa bila mrithi imara kiti kinakwenda. Mama yangu ni Musanga kwa kabila, na kwao uchifu huenda kwa mupwa, mtoto wa dada. Basi nilimtafutia dada wa mfalme mume mwema. Mtoto wao nilimfundisha vita, nikampa askari wote. Wana wa mfalme niliwaacha wale na kulala.

Mfalme akafa. Mchezo ukamrithisha mwanawe wa kwanza, mjinga asiye na askari hata mmoja, na huyo ndiye niliyepaswa kuendelea naye. Mupwa akampindua mara moja.

"Bazungu banapatiaka mutoto kiti, hapana mupwa!" Kasongo alicheka hadi akakaa chini.

Mama Kapinga akaingia na kijiko chake cha mafuta. "Nyamaza, weye! Mupwa njo damu yetu kweli. Mutoto wa mwanaume, mama yake tu njo anajua baba yake!"

Duka zima likagombana, wateja pia, mpaka tata Mwamba akazima mashine kwa hasira. Siku hiyo hakuna aliyekaa tena. Tulirudi nyumbani tukibishana barabara nzima.

Mdogo wangu sasa anacheza peke yake, masikio yamezibwa. Video ilimchagulia kisiwa, na anashinda kila siku, uso mkavu kama anaosha sahani. Jana nilimuuliza dada wa mfalme wake anaitwa nani.

Hakuinua macho. "Kumbe eko na dada?"