Kanzu ya Kuagwa

Kwetu Kamembe fundi wa nguo hamwachi mwanafunzi wake aende hivi hivi. Siku anapoona umefika, anakuletea kitambaa cheupe na kukuambia umshonee kanzu yake, kuanzia kupima hadi vifungo, naye hatagusa hata uzi. Ukimaliza, anaivaa Ijumaa kwenda msikitini. Watu wakimwona na kanzu mpya wanajua bila kuuliza kwamba amemwachilia mtu. Jioni inasomwa dua fupi barazani, watu wanakunywa chai ya tangawizi na mandazi, halafu mwalimu anakukabidhi mkasi uliofungwa kwa kitambaa. Tangu hapo hutaketi tena kwenye mashine yake. Si kwamba mmegombana. Umeagwa, na aliyeagwa ni fundi. Akirudi kuketi pale pale, ni kama kusema dua ile haikufika popote.

Mimi niliagwa na mjomba wangu, kaka yake mama. Nilikwenda barazani kwake nilipomaliza shule ya msingi. Baba hakuwepo tena, na mama aliona kwamba kwa aibu yangu nisingeweza kuuza hata nyanya sokoni. Kushona hakutaki maneno mengi, na mjomba naye si msemaji. Aliniita Mjomba kama mimi nilivyomwita, ndivyo ilivyo kwetu, na ziko siku zilizopita kati yetu kwa neno hilo moja. "Mjomba," maana yake lete pasi. "Mjomba," maana yake mvua inakuja, ingiza nguo za watu.

Kazi mpya ilinifuata pale pale barazani. Alikuja mzee mmoja mwenye ateliye, karakana ya kushonea, kule chini Cyangugu, anayeshona sare za shule na za hoteli. Alikuwa ameleta koti lake kutiwa vifungo. Akaona kola nilizokuwa nimezipanga mezani, akaigeuza moja, akaivuta ncha kwa kucha.

"Nani alishona hii?"

Mjomba alininyooshea kidevu. Mimi nikatazama chini.

"Batoto kama huyu ndio minatafuta," yule mzee akasema. "Nitamupatia kazi ya kweli. Kwangu muntu anafanyaka na kontra, na muhuri juu."

Mjomba aliondoa mguu kwenye pedali. Ameshona tangu ujana wake, ameshonea harusi na maiti, na hakuna mkataba wala mahali popote palipoandikwa kwamba yeye ni mfanyakazi. Tulipokuwa tunafunga milango ndipo aliponiambia, "Kontra ikitoka, uniletee. Kuisoma sitaweza, macho yangu yameacha herufi ndogo. Unioneshe tu mahali jina lako limeandikwa."

Wiki ile ile akaniletea kitambaa cheupe.

Ateliye ilikuwa na dirisha linalotazama ziwa. Ungeinua macho kutoka kwenye sindano ungeona milima ya Bukavu ng'ambo, na wanawake wakirudi kutoka mpakani na beseni tupu kichwani. Tulikuwa wachache. Mafundi wawili watu wazima walikaa mbele, karibu na mlango. Mimi nilikaa nyuma, pembeni ya mama mmoja wa Rwimbogo aliyeshughulikia mashine ya kufunga kingo. Yeye tulimwita Maman, na mwenye ateliye tulimwita Papa.

Siku ya kwanza, adhuhuri, sinia kubwa iliwekwa chini juu ya mkeka. Wali wa Bugarama, mboga ya lengalenga, na sambaza, wale dagaa wa ziwani, zilizokaangwa hadi zinalia mdomoni. Papa mwenyewe alishika birika akatumiminia maji mikononi, mmoja mmoja, kama mwenye harusi.

"Hapa hakuna mukubwa wala mudogo," alisema. "Sisi ni nyumba moja."

Mimi niliona aibu kunyoosha mkono mbali, nikawa nakula wali mtupu wa upande wangu. Papa akaona. Akasukuma sambaza kwa vidole hadi mbele yangu. Siku ile nilipanda kilima kurudi Kamembe nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Sinia ile ndiyo iliyonifunga. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwa maneno, lakini nimekulia humo: mtu uliyekula naye sinia moja, humwambii aandike alichokuahidi. Ni kumwambia usoni kwamba humwamini. Wazazi wetu wamekopeshana, wameozeshana, wamegawana viwanja, na kilichokuwa katikati yao kilikuwa wali tu. Basi kila asubuhi nikiteremka kwenda kazini nilikuwa napanga sentensi yangu moja: Papa, naomba kuuliza habari ya kontra. Nikifika, yuko kwenye simu. Nikasema nitamwuliza kabla ya kula. Kabla ya kula, maji yameshaanza kutiririka mikononi mwangu, na anayeyamimina ni yeye. Ungemwuliza vipi?

Hata hivyo niliwahi kuuliza. Mara ya kwanza alisema iko kwa mtu wa kuiandika, imebaki muhuri. Mara nyingine alisema, "Kontra yako inapanda mulima, imechoka, iko inapumuzika," na wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Yule mama wa Rwimbogo alicheka pia, kisha akaniinamia chini ya kelele za mashine.

"Weye ukitaka kitu unaangaliaka mikono yako. Mikono itakujibu?"

"Nitamwuliza tena, Maman."

"Utamwuliza nani? Ile mikono?" Akakata uzi kwa meno. "Mi nilishaachaka kuuliza. Niko na batoto bane, nitaenda wapi? Lakini weye uko peke yako. Uliza ungali na miguu."

Mshahara Papa alitoa, sitamsingizia. Wala hakuwahi kunipigia kelele. Kilichonisumbua kilikuwa Ijumaa. Ijumaa nilipata ruhusa ya kwenda kuswali Kamembe, na baada ya swala nilikutana na mjomba njiani, amevaa ile kanzu. Kabla hajaitikia salamu alitazama mikono yangu. Akiona mitupu, anauliza habari za mashine za kule, kama zina mafuta, kama sindano zake ni nzuri. Habari ya karatasi hakuuliza hata mara moja. Ningependa angeuliza.

Kisha akaja mkaguzi wa kazi. Ilikuwa asubuhi ya mvua, viatu vyake vimejaa tope, akaomba radhi kwa kuchafua sakafu. Alizungumza Kinyarwanda kwa upole, akataka kujua wanaofanya kazi humu ni nani na nani. Papa alikwenda kabatini akatoa karatasi za wale mafundi wawili wa mbele. Ndipo nilipojua kwamba kontra zilikuwepo, na kwamba muhuri ulikuwepo. Kisha akaja nyuma akaniwekea mkono begani. Mkono ulikuwa wa moto, mzito, mkono wa baba.

"Huyu ni mtoto wa nyumbani," akamwambia mgeni. "Anajifunza. Na huyu mama huja kutusaidia tu kukiwa na nguo nyingi."

Mkaguzi alinitazama akaniuliza kama ni kweli, kama bado najifunza.

Kwenye mashine yangu palikuwa na kola ambayo nilikuwa nimeigeuza nusu. Nikikubali, nitakuwa nimemvua mjomba kanzu yake. Nikikataa, nitakuwa nimemwaibisha mbele ya mgeni mtu anayenimiminia maji. Nilitazama mikono yangu, kama alivyosema Maman.

"Ndiyo," nikasema.

Mkaguzi akaandika, akaaga, akaondoka na tope lake. Papa akanipigapiga bega mara mbili kisha akaenda zake. Maman aliinamia kitambaa chake. Hakunitazama, nami nikajua amenihurumia, maana siku nyingine angenitania.

Adhuhuri sinia ililetwa. Papa alikuwa mchangamfu kuliko siku zote, anaimba kidogo kidogo. Alipofika kwangu na birika, nilikuwa nimeificha mikono nyuma.

"Leta mikono, tukule."

"Papa, mimi sijifunzi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo sana, lakini wote waligeuka. "Niliagwa. Mjomba wangu alivaa kanzu. Naomba kontra yangu."

Birika lilibaki hewani. Ningependa kuandika kwamba alikasirika, ingekuwa rahisi zaidi. Lakini uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyeumizwa kweli.

"Tangu ufike tunakula sinia moja," akasema. "Mukono yako na yangu. Sasa unataka karatasi ya nini? Karatasi ni ya bantu benye habajuane."

"Na leo asubuhi, Papa?"

"Ile ni mambo ya serikali! Ni kodi tu. Nilikuita mutoto yangu, ni tusi hiyo?"

"Kama ni mutoto yako, Papa, si umwandike," Maman akasema kutoka upande wa pili wa sinia. Mmoja wa wale mafundi akacheka puani. Papa hakucheka. Alinitazama kwa muda, akingoja nitoe mikono, na nadhani kama angengoja kidogo zaidi ningeitoa. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mwenye hataki sinia yangu, mulango haufungwe."

Akasogea akamimina maji kwa aliyefuata.

Niliuchukua mkasi wangu kwenye droo, nikaufunga kwa kitambaa chake. Maman alinifuata mlangoni akanishika mkono wa shati.

"Unaenda na njaa? Ungekula kwanza, ukatae kisha kukula!" Alisema kama mtu anayecheka, lakini macho yake yalikuwa yamejaa. "Enda. Enda mutoto wangu. Usinitazame hivyo, mi siwezi."

Harufu ya sambaza ilinifuata hadi barabarani.

Nyumbani nilimwambia mama. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Hatimaye akasema niende kwa kaka yake nikamwombe, huenda akanirudishia kiti changu, kwani kazi ya kushona bila mashine ni ipi. Nami nilikuwa na tumaini hilo hilo, ingawa nilijua desturi. Niliwaza: sitaomba kushona. Nitaanza kufagia vipande vya uzi, kama zamani, na yeye ataniacha tu.

Nilikwenda Ijumaa baada ya swala. Mjomba alikuwa ametangulia, ameketi barazani, kanzu imempendeza. Kwenye mashine yangu alikuwa ameketi binti wa jirani, mwanafunzi mpya. Aliponiona mjomba alisimama. Hakuwahi kusimama kwa ajili yangu. Aliingia ndani mwenyewe akatoa kiti chenye mto, kile cha sebuleni, akakifuta kwa mkono. Chai ikaja katika kikombe chenye kisahani.

"Karibu. Habari za Cyangugu?"

"Nzuri, Mjomba."

Akatazama mikono yangu. Nilikuwa nimeshika kikombe, na kwenye mapaja yangu ulikuwepo mkasi uliofungwa. Akaelewa, nadhani, lakini alingoja niseme.

"Nimeiacha kazi. Kontra haikutoka."

Binti aliendelea kukanyaga pedali. Uzi wake wa chini ulikuwa umelegea, nilisikia kwa mlio. Mjomba naye alisikia, lakini hakumsemesha.

"Alikunyima pesa?"

"Hapana. Alimwambia mkaguzi kwamba bado najifunza. Nami nikaitikia."

Mjomba aliiteremsha mikono yake magotini, akailaza juu ya ile kanzu. Chai ikaanza kupoa. Niliinama nikaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni, kidogo kidogo, navikusanya kiganjani.

"Acha," akasema. "Mgeni haokoti uzi."

"Mjomba, naomba nirudi. Hata kufagia tu."

Ndiyo mara ya pekee niliyomwomba mtu kitu bila kutazama chini. Naye ndiye aliyetazama chini.

"Nikikurudisha, hii kanzu niivulie wapi?" akasema polepole. "Watu waliniona nayo. Nilisema wewe ni fundi. Ukiketi pale leo, itakuwa yule mzee alimwambia mkaguzi kweli."

Nilinywa chai yote kwa sababu mgeni haachi chai.

Nilipoweka kikombe niliona upindo wa mkono wa kulia wa kanzu. Ulikuwa umefumuka, naye alikuwa ameushona mwenyewe kwa uzi wa rangi ya maziwa, mishono mikubwa iliyopotea njia, ya mtu asiyeona sindano. Nikaomba nirekebishe. Kwake ilikuwa mwiko kushona nguo ikiwa mwilini mwa mtu, alituambia mara nyingi. Nilidhani ataivua. Hakuivua. Alininyooshea mkono.

Nilifungua mkasi wangu nikatoa mishono yake mmoja mmoja, nikashona upya, nimekaa kwenye kiti chenye mto, mkono wake ukiwa juu ya goti langu. Nilishona polepole kuliko inavyohitajika. Nilipokata uzi aliuinua upindo karibu na jicho, akapitisha kidole, akatikisa kichwa kukubali.

"Asante, fundi," akasema.

Hakuniita Mjomba. Alinisindikiza hadi chini ya ngazi, kama anavyowasindikiza wageni, akasimama pale na kanzu yake nyeupe hadi nilipokata kona.