Ndoo ya Pembeni ya Pipa la Barafu

Milo Vondracek alikuwa kocha wa mazoezi ya viungo wa timu ya besiboli ya chuo cha Platte Bend, Nebraska, kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Makofi ni ya wanaorusha na wanaopiga. Kazi yake ilikuwa jimu, ndani ya jengo la zamani la kuchemshia maji, saa kumi na mbili asubuhi, akiwaambia vijana wenye usingizi wapunguze ratili kumi, waongeze ratili tano, wanyooshe mgongo.

Kila kijana alikuwa na kadi yake. Vondracek aliandika humo uzito, saa za kulala, maumivu, na nguvu ya kiganja, aliyoipima kila Jumatatu kwa kifaa cha kubana. Wachezaji walimtania kwamba hata mkewe, Darla, ana kadi. Alikuwa nayo kweli, ya magoti.

Kwenye kiwiko chake cha kulia palikuwa na kovu refu. Alilipata akiwa na miaka ishirini na moja, yeye mwenyewe mrushaji, siku ambayo kocha wake alimshika bega akamwomba arushe kipindi kimoja tu zaidi. Alikubali, na baada ya siku hiyo hakurusha tena. Habari hiyo hakuisimulia mara nyingi. Vijana walidhani ni ajali ya trekta, naye akawaacha wadhani hivyo.

Mwaka huo mrushaji bora wa timu alikuwa Kolby Reinke, kijana mrefu wa mwaka wa pili, mtoto wa wafuga ng'ombe. Mwezi wa pili kiwiko chake kilivimba. Vondracek alikaa naye wiki nane, akianza na kamba laini za mpira, kisha vyuma vyepesi, kisha kurusha umbali mfupi. Siku Reinke aliporuhusiwa kucheza, makocha watatu waliketi pamoja: kocha mkuu Dahlgren, kocha wa warushaji Garrett Poole, na Vondracek. Walikubaliana kwamba kijana asirushe zaidi ya mipira tisini katika mchezo mmoja. Wote watatu walitia sahihi kwenye kadi. Poole angehesabu kwa kidude cha kubonyeza, na ikifika themanini amwambie Dahlgren, kwa sababu Dahlgren huwa hahesabu kitu. Yeye hutazama wapigaji.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa nne walicheza na timu kutoka Iowa. Upepo ulikuwa mkali na Reinke alikuwa mkali kuliko upepo. Mpaka kipindi cha tano hakuna mpigaji hata mmoja aliyeupiga mpira wake ukatua salama. Hapo banda lote la wachezaji likanyamaza, maana kila mtu alielewa kinachoendelea. Mrushaji akimaliza vipindi vyote tisa hivyo ni rekodi ya maisha, na akiwa njiani kuifikia jambo lenyewe halitajwi, lisije likaleta mkosi. Hasemeshwi. Hakuna anayehama alipoketi, na aliyekuwa akitafuna mbegu za alizeti anaendelea kutafuna hata kama ulimi umechubuka kwa chumvi.

Bahati mbaya, wakati huo Vondracek alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwisho kabisa wa banda, pembeni ya pipa la barafu, alikokwenda kuchota maji. Alipotaka kunyanyuka, kijana wa pembeni yake akamvuta shati.

"Kocha V, kaa. Ukisogea tu, umetuua."

Akakaa, na mkojo ulikuwa umembana.

Alihesabu mwenyewe kwa penseli nyuma ya kadi. Kipindi cha sita kilipokwisha ilikuwa themanini na moja. Alimtazama Poole, aliyekuwa katikati ya benchi, kidude pajani, macho mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Poole hakumgeukia Dahlgren. Kipindi cha saba kilipokwisha ilikuwa tisini na saba. Vondracek aliandika namba hiyo kwa tarakimu kubwa, akaipitisha kadi ili imfikie Poole. Ilipita mikono mitatu. Wa nne aliitupia jicho, akaigeuza kifudifudi na kuirudisha kwa njia ile ile. Ilimfikia ikiwa na maganda ya alizeti yamegandia.

Kipindi cha nane aliona kiwiko cha Reinke kikishuka. Mipira ikaanza kupaa. Baada ya kila mpira kijana alikung'uta vidole kama aliyegusa sufuria ya moto. Kilipokwisha, bado hakuna aliyeupiga mpira wake ukatua salama, na penseli ilikuwa imefika mia moja na kumi na tatu.

Reinke aliketi peke yake, benchi tupu kulia na kushoto kwake, akifungua na kufunga kiganja. Vidole viwili vya mwisho havikufunga. Vondracek aliwahi kuwa na kiganja hicho.

Akasimama. Vijana wakamtazama kama mtu anayetembea juu ya meza ya chakula. Alianza na Poole.

"Ngapi?"

"Rudi kwenye ndoo, Milo," Poole alisema bila kugeuza shingo.

"Si unayo namba hapo? Isome."

"Unajua siwezi. Si sasa hivi, bwana."

Vondracek alimpita, akachuchumaa mbele ya Reinke na kumnyooshea vidole vyake viwili.

"Nibane."

Kijana alikuwa kama amezabwa kofi. Akabana.

"Hivyo viwili vya mwisho unavisikia?"

Reinke alikitazama kiganja chake. "Tangu cha sita sivisikii vizuri. Kocha, wamebaki wapigaji watatu tu. Watatu."

Vondracek akanyanyuka, akamgeukia Dahlgren na kusema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Karusha mia moja na kumi na tatu. Vidole vimekufa ganzi."

Mtu mmoja alitupa kofia yake sakafuni. Dahlgren, ambaye sasa hakuweza tena kujifanya hajui, alimtazama Poole, na Poole akakitazama kidude kana kwamba ndiyo kwanza amekiokota, akasema ndiyo, Kocha, ni mia na kumi na tatu. Reinke akatolewa. Mpira wa tatu wa mrushaji aliyeingia ulipigwa safi, ukaangukia kwenye nyasi, na rekodi ikaishia hapo. Walishinda nne kwa moja, na hakuna aliyeshangilia.

Jumapili taarifa ya chuo ilimsifu kocha mkuu na kocha wa warushaji kwa kujali afya ya mchezaji kuliko rekodi. Vondracek aliisoma mara mbili akitafuta jina lake, kisha akajikasirikia kwa kulitafuta. Siku hiyo hiyo daktari alipima kiwiko: mshipa wa fahamu umesumbuka, ila hakuna kilichokatika. Jioni vijana wote walikuwa na jibu lao. Hakuna kilichokatika, kwa hiyo hakukuwa na hatari, kwa hiyo mzee angekaa tu kwenye ndoo. Vondracek aliligeuzageuza neno hilo kichwani hata wakati wa chakula cha Darla, bila kupata pa kulishika. Mkono uliovunjika angewaonyesha. Mkono ambao haukuvunjika angeuonyesha nani?

Jumatatu alipofungua jimu aliikuta ile ndoo mlangoni. Vijana walikuwa wameibandika karatasi: KAA. Aliiingiza ndani, akaiweka mbele ya meza na kuikalia, kwa sababu kiti chake kilikuwa kibovu tangu mwezi wa kwanza.

Reinke alikuja wa mwisho, hakusalimu. Akabana kifaa. Kawaida yake ilikuwa ratili mia moja ishirini na nane. Sindano iliishia tisini na nne, na wote wawili waliiona.

"Daktari kasema hakijakatika," Reinke alisema.

"Najua."

"Basi ningeweza kumaliza."

Kovu lilikuwa pale pale, chini ya mkono wa shati. Vondracek alifikiria kuukunja, akauacha. Aliandika 94, akachukua kamba laini kuliko zote, ile waliyoanza nayo wiki ya kwanza, akampa.

"Kumi. Polepole."

Reinke aliipokea, akampa mgongo, akaanza kuvuta. Vondracek alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na alipoona kijana anaharakisha, akairudia ya tatu.

"Hiyo haikuwa tatu," alisema. "Tatu."