Nilimtajia shemeji chumba anacholala binti yangu

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huku kwetu kila mtu ana simu kubwa siku hizi na ukurasa huu wanausoma.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, mkulima wa viazi na maharage huku Hanang, pande za Gitting. Shule niliishia darasa la saba. Lakini nina binti, jamani! Wa kwanza kitongoji kizima kupata digrii, na mwaka jana akachaguliwa kusoma masta Dodoma. Mchungaji alipouliza nani ana shukrani, nilisimama kabla hajamaliza swali. Nilimsema mwanangu mpaka mzee wa kanisa akaanza kukohoa. Hilo sijutii. Nimemsomesha kwa jembe, acha nimseme.

Binti alishajitafutia chumba kabla hajaondoka. Alimtuma rafiki yake akakague geti, maji, majirani, na kama mlango una komeo kwa ndani. Mimi nikakikataa. Nina shemeji yangu kule, mzaliwa wa Mbulu, mtu wa ukoo wa marehemu mume wangu, ana nyumba kubwa, mke na watoto. Kwetu ukifika mji wenye mtu wa ukoo ukalala kwa mtu baki, umemtukana. Nikamwambia, "Utapangaje na baba yako mdogo yupo? Watu watasema tumegombana."

Akasema, "Sawa mama. Ila kile chumba nimekikagua. Kwa baba mdogo hatujakagua kitu."

Nikamcheka. Nikamwambia nani anakagua ukoo?

Akaenda kukaa kwao, na mwezi wa pili akiwa huko akanipigia. Kumbe baba mdogo ana ufunguo wa pili wa chumba chake. Mke akienda kazini, anafungua bila kubisha hodi. Mara anatafuta chaja, mara anauliza kama umeme upo. Siku hiyo alimkuta anavaa, na hakutoka. Alisimama pale mlangoni akasema, "Unaogopa nini, mimi si baba yako?" Binti akapiga kelele mpaka dada wa kazi akaja, ndipo akaondoka.

Naona aibu kuandika nilichomjibu. Nilimwambia, "Labda ni utani tu, vumilia umalize muhula. Sasa watu nitawaambia nini?"

Akasema, "Mama, mimi nakwambia habari ya mlango, wewe unaniambia habari ya watu."

Alihama siku ile ile bila kuningoja. Akapata chumba kwa mama mmoja anayepangisha wanafunzi wa kike tu. Akanitumia picha, akaniomba kitu kimoja: nisimtajie mtu yeyote anapokaa. Nikamwapia.

Hazikupita wiki tatu, shemeji akanipigia. Salamu ndefu, kwa Kiiraqw kizuri kile cha wazee, akauliza ng'ombe, akauliza viazi. Nikawa namjibu kwa mkato. Ndipo akasema kwa sauti ya huruma, "Shemeji, roho inaniuma. Nasikia msomi wetu kaishia kwenye vibanda vya mabati, choo wanachangia mtaa mzima. Watu wa nyumbani huku wanamcheka."

Wenzangu, hapo ndipo aliponinasa.

"Vibanda? Nani kasema vibanda? Mwanangu anakaa nyumba ya vigae, geti la bluu, nyuma ya shule ya msingi, chumba cha kwanza kulia, na choo chake kiko ndani! Waambie hao wanaocheka waende wakaone!"

"Aaa, kumbe. Hongera shemeji." Akakata.

Nilikaa pale najiona nimeshinda. Nilikuwa katikati ya kumenya viazi ndipo nilipokumbuka nilichomwapia mwanangu. Nikampigia binti, hakupokea, yuko darasani. Nikasema nitamwambia jioni. Jioni nikaona aibu, nikasema kesho.

Kesho yake shemeji akafika getini na kiroba cha viazi. Akamwambia mama mwenye nyumba ametumwa na mimi. Yule mama akaita, "Binti, baba yako mdogo huyu, mama kakutumia viazi!" Mkono wake tayari uko kwenye komeo la geti. Mwanangu akamsihi asifungue. Mwanaume akagonga geti mpaka majirani wakatoka, ndipo akaenda zake.

Binti akanipigia. "Mama, amejua mpaka chumba ni cha kulia. Nani kamwambia?"

Nikamuuliza kama amekula. Hakuniuliza mara ya pili.

Amehama tena na safari hii hajaniambia alipo. Kila Jumapili anapiga, "Shikamoo mama," anauliza mgongo wangu, basi. Nikimuuliza anakaa wapi, "Niko salama, mama." Kanisani wakiniuliza, mimi mwenye maneno mengi, nasema anakaa pazuri. Sijui kama ni pazuri.

Sasa wiki hii jirani yangu kaja mbio na furaha. Binti yake kapata chuo Dodoma, na shemeji kajitolea kumpokea. "Chumba kile kile alichokaa msomi wako, mama!" Nikampa hongera, tukanywa chai.

Nilimweleza mwanangu. Akasema, "Mzuie, mama, asimpeleke. Lakini yangu usiyaseme. Umeshanisema vya kutosha." Nikamwahidi.

Nilimjaribu jirani kijuujuu, nikamwambia kwa shemeji si pazuri kwa msichana. Akacheka, akanipiga begani: "We mama nawe, unataka msomi awe wa kwako peke yako?" Na simlaumu. Miaka yote hii nimejisifu, leo nikionya naonekana nina wivu.

Binti wa watu anapanda basi Jumatatu. Nikikaa kimya, anaingia chumba kile. Nikisema yote, ndiyo nimevunja ahadi kwa mwanangu mara ya pili, na sidhani kama atanipigia tena Jumapili. Wenye watoto, nawaomba mnipe maneno. Nimwambie nini yule mama ili aniamini?